Freddie Mercury: Kijana wa Unguja Aliyejiundia Jina

Muhula uliopita nilisimama mbele ya shule nzima katika mdahalo, magoti yakanitetemeka hata maneno yote yakanipotea. Baadaye mwalimu mmoja alinishauri nisome maisha ya mwimbaji Freddie Mercury. Nilishangaa, maana nilimjua kwa picha tu: mtu mwenye masharubu, kifua mbele, ngumi juu, na umati usiohesabika miguuni pake. Nilidhani mtu wa namna ile huzaliwa hivyo. Sasa nimesoma, nami nimeona sivyo.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 mjini Unguja, kwa jirani zetu, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Bara Hindi, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroasta, na baba yake alikuwa karani wa fedha katika Mahakama Kuu. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa Bara Hindi, akaingia shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani, milimani. Sisi tulalao bwenini twaujua usiku wa kwanza ulivyo. Lakini sisi hurudi nyumbani kila likizo, na yeye alitengwa na mama yake kwa bahari nzima.

Huko ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Alijifunza piano, na mwaka 1958 wavulana watano wakaunda bendi iitwayo The Hectics. Ajabu ni kwamba yeye hakuwa mwimbaji mkuu. Alikaa kwenye piano, na mwenzake akasimama mbele. Tena alikuwa na meno manne ya ziada kinywani, nayo yaliyasukuma ya mbele yakatokeza. Aliona haya, akawa anayafunika anapocheka.

Mwaka 1963 alirudi Unguja. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964, jamaa yake walihamia Uingereza, wakakaa Feltham, karibu na London. Alikuwa na miaka 17, na kisiwa chake kimebaki nyuma. Alifanya vibarua, kisha akasoma sanaa ya uchoraji katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mwaka 1970 aliungana na Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Yeye ndiye aliyetaka bendi iitwe Queen, yaani Malkia, ingawa wenzake hawakupendezwa mara moja. Kisha akaliacha jina la Bulsara, akajiita Mercury, ambaye katika hadithi za Warumi wa kale ni mjumbe wa miungu, mwenye mabawa miguuni. Brian May amesimulia kwamba jina hilo lilitoka katika wimbo wa Freddie mwenyewe, My Fairy King, ambamo yumo mama aitwaye hivyo. Naye Freddie alimweleza kwamba mama yule ni mama yake. Basi nikaelewa kwamba jina lile kubwa lilianza kwa mtoto aliyemlilia mama yake.

Mengine aliyajenga kwa mikono yake. Kwa ujuzi wa chuoni alichora nembo ya bendi: simba wawili, kaa, na mabinti wawili wenye mabawa, kwa kufuata nyota za kuzaliwa za wanabendi wanne. Siku moja jukwaani chuma cha kipaza sauti kilivunjika katikati. Badala ya kufadhaika aliendelea na kipande kilichobaki, na tangu hapo kikawa fimbo yake ya ufalme.

Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, aliimba uwanjani Wembley mbele ya watu 72,000 hivi. Alitoa sauti, nao wakamwitikia kama waitikiavyo kiongozi wa ngoma. Mwaka 1986 alivaa taji na joho. Lakini akishuka jukwaani alikuwa mtu mkimya, asiyependa kuhojiwa.

Alifariki kwa ugonjwa wa UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991, akiwa na miaka 45. Aliagwa kwa sala za dini ya wazazi wake. Dunia ilimlilia Mercury, na wazazi walimuaga Farrokh wao.

Wenzangu, mtu yule hakuzaliwa na ujasiri. Aliuunda kwa vipande: jina, mchoro, na chuma kilichovunjika. Haba na haba hujaza kibaba. Nami muhula huu nimejiandikisha tena katika mdahalo.