Claus Riedel, fundi mwenye aliondoa maua kwenye vere ya divai

Huku Butembo, siku ya dot, ya ndoa ao ya kukaribisha wageni wakubwa, chupa ya divai nyekundu haikosekani kwenye meza. Divai ile imetoka mbali. Mara mingi imepita bandari ya Mombasa, imevuka Kasindi, na kila fasi mwenyewe amelipa feza. Lakini wakati wa kuinywa tunaimimina katika vere ya maji, ao katika kavere kadogo kazito, kenye maua na dhahabu kwenye mudomo. Kuna mutu mwenye alitumia maisha yake yote kuonyesha kama kwa kufanya vile tunapoteza sehemu ya ile tulilipia. Jina lake ni Claus Riedel.

Claus Josef Riedel alizaliwa mwaka wa 1925 kule Polaun, katika milima ya Bohemia, inchi yenye leo ni Jamhuri ya Cheki. Jamaa yake ilikuwa katika kazi ya vioo tangu karne ya 18, na yeye alikuwa wa kizazi cha 9. Milima ile ilikuwa na misitu ya kutoa kuni za tanuru. Mutoto alijifunza kazi kwa kumuangalia baba, sawa vile huku kwetu mutoto wa mufanya-biashara anajua kuhesabu makartoni mbele hajaenda masomo.

Kisha vita ikakuja, na yote ikaharibika. Claus alikuwa kijana katika jeshi la Ujerumani, akakamatwa na kufungwa Italia. Baba yake, Walter, alikuwa mujuzi wa kemia ya vioo. Warusi walimuchukua kwa sababu ya ujuzi ule, wakamutumikisha kwao karibu miaka 10. Serikali ya Chekoslovakia ikanyanganya viwanda vya jamaa, na watu wa luga ya Kijerumani wakafukuzwa kwa wingi, juu ya mabaya yenye Ujerumani ilifanya. Mwaka wa 1946, wakati treni ya wafungwa ilikuwa inapita Austria, Claus akaruka na kukimbia. Hakuwa na nyumba, hakuwa na kiwanda, hakujua kama baba yake atarudia.

Alifika Wattens, katika jimbo la Tirol, kwa jamaa ya Swarovski, watu wa kristali. Wao pia walitoka milima ile ile ya Bohemia, na walianza kazi pale Wattens mwaka wa 1895. Walimupokea, naye akasoma kemia kule Innsbruck. Wale wenye wamekimbia vijiji vya Beni na Lubero, wakiacha mashine ya kushona ao karakana ya mbao, hawana lazima ya kuelezwa hali ile. Mashamba na mashine vinaweza kunyanganywa kwa siku moja. Ujuzi wa mikono unavuka mupaka pamoja na mwenyewe.

Mwaka wa 1955 Walter akarudia. Mwaka wenye ulifuata, baba na mutoto wakachukua kiwanda cha vioo kule Kufstein, chenye kilikuwa kimeanguka, na wakawasha tanuru tena.

Siku zile, vere ya bei ilikuwa ile yenye rangi, yenye kuchongwa maua, nzito mukononi. Vere ilikuwa ya kuonyesha utajiri. Claus akageuza swali. Aliuliza vere inasaidia nini kile chenye kiko ndani. Alichukua divai moja, akaimimina katika mavere ya umbo mbalimbali, akaona kama harufu na utamu havikuwa sawa, hata kama chupa ilikuwa moja. Basi akaondoa rangi. Akaondoa maua. Akabakiza kioo cheupe chembamba, tumbo la mviringo sawa yai, mudomo wenye kufungana kidogo, na mukono murefu wa kushikia.

Mwaka wa 1958 akatoa vere ya divai ya Bourgogne. Ilikuwa kubwa ya kushangaza: chupa nzima ya santilita 75 inaingia ndani na nafasi inabakia. Lakini haikutengenezwa juu ya kuijaza. Nafasi ile ni ya harufu. Jumba la sanaa la kisasa la New York, MoMA, liliiweka kati ya vitu vyake. Mwaka wa 1973, kule Orvieto katika Italia, Claus akatoa mavere ya namna 10, kila moja kwa aina yake ya divai, kisha kuyajaribu pamoja na wajuzi wa divai wa Italia.

Si yote yenye ilisemwa juu ya mavere yale ni kweli. Kwa miaka mingi biashara ilifundisha kama ulimi uko na fasi ya sukari, fasi ya uchungu na fasi ya ukali, na kama umbo la vere linapeleka divai kwenye fasi yenye kufaa. Sayansi imekataa ramani ile: ulimi unasikia kila ladha karibu fasi yote. Lakini upande wa pua, Claus hakukosea. Sehemu kubwa ya utamu wa divai ni harufu. Tumbo pana linaipatia divai hewa, mudomo mwembamba unachunga harufu isipotee haraka. Katika vere ya maji yenye imefunguka juu, harufu inatawanyika mbele pua haijafika.

Vere yenye kupulizwa kwa mudomo wa fundi ni bei kali. Mwaka wa 1986 ndipo mutoto wake, Georg, alitoa mavere ya namna ile kwa mashine, na umbo lile likaingia nyumba za watu wa kawaida. Leo viwanda vingi vya dunia, hata vya China fasi wafanya-biashara wetu wanaenda kununua, vinatoa vere ya namna ile.

Basi, ukifika sokoni usitafute jina. Angalia mambo machache: kioo cheupe bila rangi, mudomo mwembamba wenye kufungana kuliko tumbo, na mukono murefu ili joto la vidole lisifikie divai. Namna moja tu inatosha kwa divai yote nyekundu ya nyumbani. Zile 10 ni za hoteli na za wajuzi. Mimina mupaka theluthi moja, kisha zungusha polepole na unuse. Ukimimina santilita 12 na nusu kila mara, chupa inatosha watu 6.

Divai nyekundu inapenda digri 16 mupaka 18. Butembo iko juu ya mita 1.700, na chumba cha baridi kinatosha mara mingi. Beni iko chini na iko na joto zaidi, weka chupa kidogo katika maji ya baridi. Osha vere na maji ya moto, suuza vizuri ili harufu ya sabuni isibakie, na isuuze tena mbele ya wageni kufika, juu ya vumbi la barabara zetu.

Claus Riedel alikufa tarehe 17 Machi 2004 kule Genova, Italia, na miaka 79. Kule Kufstein mafundi wangali wanapuliza vioo, na jamaa imefikia kizazi cha 11. Kwetu, mwenye kutayarisha dot na hana feza ya kununua mavere mengi, anunue machache yasiyo na maua, ayapatie wazee kwanza. Wao watasema kama divai ni ile ile ya siku zote.