Baden-Powell, Mzee Aliyefuata Hewa ya Nyeri

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mdahalo, na hoja ilikuwa hii: hali ya hewa ni sababu tosha ya mtu kuhama kwao. Mimi nilikuwa mtunza saa, kwa hivyo sikuruhusiwa kusema neno. Nilikaa pale na kengele yangu nikiwasikiza wenzangu wakitaja wafugaji, mafuriko na ukame, lakini hakuna hata mmoja aliyemtaja mtu ambaye kaburi lake liko papa hapa Nyeri. Mtu huyo alihama bara zima kwa sababu ya hewa. Jina lake ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Maneno niliyonyimwa siku ile ndiyo haya, msomaji mpenzi.

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Babake alikuwa kasisi na profesa wa Chuo Kikuu cha Oxford, naye aliaga dunia wakati kijana alikuwa na miaka mitatu tu. Mama mtu akabaki na kundi la watoto wa kulea. Shuleni Robert hakuwa bingwa wa vitabu. Alichopenda ni kutoroka na kujificha katika kimsitu kilichokuwa karibu na shule, akichoma sungura kwa moto usiotoa moshi ili walimu wasimwone. (Tafadhali wenzangu wa kidato cha kwanza, msijaribu.) Alipokosa nafasi Oxford alifanya mtihani wa jeshi, akaupita vizuri sana, na mwaka wa 1876 akapelekwa India akiwa na umri wa miaka 19.

Huko India ndiko habari ya hewa inakoanzia. Joto la nyanda za chini lilikuwa likiwamaliza Waingereza. Baden-Powell mwenyewe aliugua baada ya muda mfupi, akarudishwa kwao kupata nafuu, kisha akaenda tena. Waingereza wa India walikuwa na dawa yao ya joto: kupanda milimani. Tangu mwaka wa 1864, kila kiangazi serikali yao ilifunga virago, makarani na mafaili yao yote, ikahamia Simla kwenye vilima vya Himalaya mpaka joto lipungue. Hebu fikiria serikali nzima inahama kwa sababu ya jua! Ninataja jambo hili kwa kuwa walipofika nchi yetu walikuja na mawazo yale yale kichwani.

Kazi yake ya jeshi nitaipitia mbio mbio. Alipigana Afrika Magharibi, kisha mwaka wa 1896 akapigana na Wandebele katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Huko aliamuru chifu mmoja aliyeitwa Uwini apigwe risasi baada ya kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi, na jambo hilo lilimletea maswali hata kwa wakubwa wake. Sifa yake ilikuja na mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ambao Makaburu waliuzingira kwa siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900. Baden-Powell na watu wake hawakusalimu amri. Uingereza nzima ilicheza ngoma barabarani, naye akafanywa jenerali akiwa na miaka 43. Lakini ndani ya mji ule walikuwamo pia Waafrika maelfu, hasa Wabarolong, na wengi wao walikufa njaa kwa sababu chakula hakikugawanywa sawasawa. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kuhusu lawama hiyo ni ya nani na ni kubwa kiasi gani. Mimi naona mtu aliyekuwa na funguo za ghala hawezi kukosa kuulizwa.

Mwezi wa Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao ishirini, wa matajiri na wa maskini, akapiga kambi nao katika kisiwa cha Brownsea. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake cha skauti, na mambo yakaenea kama moto wa nyikani. Mwaka wa 1912 alimwoa Olave Soames. Bwana alikuwa na miaka 55 na bibi 23, na wakajaliwa watoto watatu. Kwa miaka ishirini na zaidi wazee hawa walizunguka dunia kutembelea skauti. Kule Uingereza makao yao yalikuwa Hampshire, katika nyumba kubwa waliyoiita Pax Hill. Pax ni neno la Kilatini lenye maana ya amani.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka wa 1935 Baden-Powell alifika Nyeri kumtembelea rafiki yake, Eric Sherbrooke Walker, ambaye zamani alikuwa katibu wake. Walker ndiye aliyejenga hoteli ya Outspan hapa mjini, na mwaka wa 1932 akajenga Treetops juu ya mti kule msitu wa Nyandarua. Mzee alipoamka asubuhi na kuuona Mlima Kenya ukiwa umevua mawingu yake, moyo ulimwenda. Basi moyo wake ulipoanza kusumbua kweli kweli, akiwa na miaka 80, na madaktari wakamwamuru apumzike, hakuchagua bahari ya Ufaransa wala vilima vya Uswisi. Alichagua Nyeri. Kwenye uwanja wa ile hoteli wakajengewa kibanda chao, nao wakakiita Paxtu, kwa kucheza na lile jina la Pax Hill, yaani Pax ya pili. Walihamia mwaka wa 1938.

Kwa nini Nyeri? Tuko karibu kabisa na ikweta, lakini mji umeinuka kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Mlima Kenya na Nyandarua. Mchana hauchomi na mbu ni wachache. Kwa mzee aliyewahi kuunguzwa na jua la India na kugandishwa na baridi ya Uingereza, hapa palikuwa katikati ya mizani. Alichora picha za ndovu na ndege, akaandika vitabu, akafuga pimbi aliyekuwa akitembea humo nyumbani kama paka. Aliongeza zaidi ya miaka miwili hivi kwa utulivu. Nani atamlaumu mgonjwa kwa kufuata pumzi?

Lakini jamani, hewa hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwafukuza wengine. Wazungu wa wakati ule waliogopa jua la ikweta mno, hata wengine walivaa kitambaa kinene mgongoni, wakiamini kwamba miale yake itaharibu uti wa mgongo. Kwa hivyo nchi za juu zenye baridi zikatangazwa kuwa ndizo zinazomfaa mzungu. Mwaka wa 1904 Wamaasai walitolewa Naivasha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wakapelekwa Laikipia, na tangu 1911 wakatolewa tena Laikipia kupelekwa kusini. Hakuna aliyewauliza kama hewa ya huko itawafaa wao na ng'ombe wao. Mwaka wa 1939, wakati mzee wetu alikuwa akichora ndege kwenye veranda, London ilipitisha amri ya kuhifadhi zile nyanda za juu kwa Wazungu. Mwafrika mwanamume alitembea na kipande kinachoning'inia shingoni ndani ya kikebe cha bati.

Tazama sasa ni akina nani walikuwa majirani zake. Dedan Kimathi, aliyezaliwa mwaka wa 1920 huku huku Nyeri, alikuwa kijana wa miaka 18 wakati Paxtu inajengwa. Wangari Maathai alizaliwa kijijini Ihithe tarehe 1 Aprili 1940, mzee akiwa bado hai. Babake Wangari naye alihama, lakini hakufuata hewa. Alikwenda Nakuru kufanya kazi kwenye shamba la mzungu, na familia ikamfuata huko. Watu wawili wanahama miaka ile ile, mmoja anaambiwa karibu, mwingine anaulizwa kipande. Kwangu mimi hapo ndipo penye swali la mdahalo wetu. Hewa ni sababu tosha, naam, lakini inategemea ukifika utamwambia nini uliyemkuta. Baden-Powell hakuchukua shamba la mtu. Aliishi kama mgeni wa hoteli, na hilo nampa. Hata hivyo njia aliyopitia ilikuwa imefagiliwa na wengine, na sioni popote kwamba jambo hilo lilimnyima usingizi.

Na tena hewa nzuri ni ya nani? Nyanya yangu anaishi upande wa Othaya. Ukifika mwezi wa Julai, ukungu unakaa mpaka saa sita na magoti yake yanamuuma hadi anashindwa kukama. Mjomba anafanya kazi Mombasa na kila mwaka anamsihi aende akaishi kwenye joto, na daktari pia amesema hivyo. Nyanya hukataa katakata. Anasema huko Mombasa hakuna mtu anayemdai salamu asubuhi, na majani yake ya chai yatachumwa na nani? Mama anaona huo ni ukaidi. Mimi naona ana hesabu zake. Kumbe baridi iliyomponya bwana mkubwa wa Uingereza ndiyo inayomtesa mwenyeji, na bado mwenyeji hataki kuiacha.

Baden-Powell alifariki katika kibanda chake tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepamba moto. Alizikwa hapa Nyeri katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, uso wa kaburi ukielekea Mlima Kenya. Kwenye jiwe lake kumechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiweka njiani kuonyesha kwamba wamemaliza safari na kwenda nyumbani. Watu hutoka nchi za mbali kuja kuliona, hasa karibu na tarehe 22 Februari.

Mkewe alirudi Uingereza mwaka wa 1942, kwa kuwa kazi ya skauti wa kike ilimngoja na hewa peke yake haikumtosha kumzuia. Kile kibanda kilipata wapangaji wengine: Jim Corbett, yule mwindaji mashuhuri wa chui-milia wala watu, na dada yake Maggie, ambao waliondoka India mwaka wa 1947 ilipopata uhuru. Corbett alifariki mwaka wa 1955 na akazikwa katika makaburi yale yale. Olave naye alifariki mwaka wa 1977 huko Uingereza, na majivu yake yakasafirishwa mpaka Nyeri, yakazikwa pamoja na mumewe.