Frank Gilbreth, Mwashi Aliyehesabu Miendo

Siku hizi maneno ya kuondoa hasara katika kazi yamekuwa mengi vinywani mwa watu. Mabwana wa viwanda huyataja, wakuu wa ofisi huyabandika ukutani, na hata mtu binafsi hununua kitabu cha kumfundisha jinsi ya kuipanga asubuhi yake. Wengi hudhani ya kuwa elimu hiyo ilizaliwa Japani, katika viwanda vya motokaa vya Toyota, na kweli huko ndiko ilikokuzwa baada ya Vita Kuu ya Pili hata ikapata sifa duniani. Lakini moja katika zile hasara saba walizoziorodhesha Wajapani hao ni mwendo wa mwili usio na faida. Na hasara hiyo ilikuwa imekwisha kutafutwa, kupimwa na kupigwa picha miaka mingi kabla yao na mwashi mmoja wa Marekani. Twaona yafaa leo tuwasimulie wasomaji wetu maisha yake, maana mna mambo mema ya kuigwa, na mna swali moja ambalo yeye mwenyewe hakuishi muda wa kutosha kulijibu.

Frank Bunker Gilbreth alizaliwa tarehe 7 Julai 1868 katika mji wa Fairfield, jimbo la Maine. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na mama yake mjane, na mwishowe wakakaa Boston. Alipomaliza shule mwaka 1885 njia ya kwenda chuo kikuu ilikuwa wazi mbele yake, lakini aliiacha, akaenda kushika mwiko na kujifunza uashi kwa mkandarasi mmoja wa mji huo. Alikuwa na umri wa miaka 17.

Mwanafunzi yeyote wa kazi huona kwanza ya kuwa mikono yake ni mizito. Kijana huyu aliona jambo jingine. Alikabidhiwa kwa fundi mmoja, kisha kwa mwingine, nao hawakumfundisha sawa. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kushika tofali na kuchota chokaa. Tena aliona ya kwamba fundi yule yule hutumia miendo ya namna moja anapofanya kazi polepole, miendo mingine anapoharakishwa na msimamizi, na miendo ya tatu anapomwonyesha mwanafunzi. Kazi ya uashi ina maelfu ya miaka, naye kijana akashangaa kwamba katika miaka hiyo yote hapana aliyeketi akauliza ni ipi katika njia hizo iliyo bora.

Wakati huo matofali yaliwekwa chini, miguuni pa fundi, na chokaa chini vile vile. Mwashi mwenye uzito wa kilo 68 aliuteremsha mwili wake karibu sentimita 60 na kuuinua tena, si kwa sababu nyingine ila kuokota tofali lenye uzito wa kilo mbili na kidogo. Naye alifanya hivyo yapata mara elfu kwa siku. Mzigo wa kweli, basi, haukuwa tofali bali fundi mwenyewe. Sisi tuliosoma shule za misheni, tuliokuwa tukifagia uwanja mzima kwa fagio fupi la chelewa, hatuhitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili. Migongo yetu ililijua zamani, ila vichwa vyetu havikupata kulihesabu.

Gilbreth alilihesabu. Akatengeneza jukwaa lenye meza ya matofali na chokaa, ambalo huinuliwa kadiri ukuta unavyopanda, hata kila kitu kikawa mbele ya fundi bila ya kuinama. Akaweka vibarua wa kuyachagua matofali na kuyapanga juu ya fremu ya mbao, upande mzuri ukielekea nje, ili fundi asipoteze wakati akiligeuzageuza tofali mkononi. Akaagiza chokaa ichanganywe kwa kiasi ambacho tofali litakaa kwa kusukumwa na kiganja tu, bila kugongwagongwa kwa mwiko. Mambo hayo ni madogo, na mtu angeweza kuyacheka. Lakini miendo 18 ya kila tofali ilipungua ikawa mitano, na fundi aliyekuwa akijenga matofali 120 kwa saa akajenga 350. Wala hakukimbia. Hilo ndilo jambo ambalo wengi wa wale wanaohubiri habari za ufanisi leo hawajalielewa: Gilbreth hakumwambia mtu aongeze kasi. Alimwondolea kazi ambayo haikuwa kazi.

Mwaka 1895 alianzisha kampuni yake mwenyewe ya ujenzi, ikastawi. Mwaka 1904 alimwoa Lillian Moller, binti wa Oakland katika California, msomi wa chuo kikuu, ambaye baadaye, mwaka 1915, alipata shahada ya udaktari katika elimu ya nafsi. Ndoa hiyo ilikuwa pia ushirika wa kazi. Mume alijua matofali na mashine. Mke alijua watu, na kwa maoni yetu yeye ndiye aliyemwokoa mumewe asiwe mtu wa mashine peke yake. Vitabu walivitunga pamoja, ingawa jina la mke halikuonekana juu ya vyote. Hata kile alichokitunga yeye kuhusu elimu ya nafsi katika uongozi wa kazi, kilichotoka mwaka 1914, kilibeba herufi za mwanzo tu za majina yake, ili msomaji asijue ya kuwa mwandishi ni mwanamke.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana jambo hili lina upande wa pili. Wakati ule ule mhandisi mwingine wa Marekani, Frederick Winslow Taylor, alikuwa akienea na saa yake ya kupima sekunde, akifundisha ya kwamba kila kazi ina muda wake na kila mfanyakazi yampasa aufikie. Gilbreth kwanza alikuwa mfuasi wake, na Taylor katika kitabu chake cha mwaka 1911 aliusifu sana uashi wa Gilbreth. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo huo mafundi wa kusubu chuma katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma kwa sababu ya saa hiyo. Bunge la Marekani likafanya uchunguzi, na mwaka 1915 likapiga marufuku matumizi ya fedha za umma kwa kuwapima wafanyakazi kwa saa katika viwanda hivyo vya jeshi.

Wale mafundi hawakuwa wavivu, wala hawakuwa wajinga. Waliuliza jambo lililo wazi: tukijenga mara tatu ya jana, je, tutalipwa mara tatu? Na kama kazi ya watu watatu yaweza kufanywa na mmoja, wale wawili watakwenda wapi? Wahenga wetu husema mchumia juani hulia kivulini, lakini si kila aliyechuma juani amepata kukiona hicho kivuli, na mara nyingi kilikuwa kimekaliwa na mwingine. Waashi wa Gilbreth walilipwa zaidi ya wenzao, lakini hawakulipwa kwa kadiri kazi yao ilivyoongezeka. Twalisema hili waziwazi kwa kuwa wasifu mwingi wa mtu huyu hulipita upesi.

Hata hivyo yampasa kupewa haki yake. Tangu mwaka 1912 aliiacha kazi ya ujenzi akawa mshauri wa viwanda, na badala ya kutegemea saa peke yake alileta mashine ya sinema. Alimpiga mfanyakazi picha akiwa kazini, na kando yake akaweka saa ya kuonyesha sehemu ndogo sana za dakika. Kisha picha zikatazamwa moja moja. Fundi mwenyewe angeweza kuitazama mikono yake na kusema neno. Gilbreth akaigawa miendo yote ya mikono katika vipande vidogo kama 17 hivi: kutafuta, kuchagua, kushika, kuchukua, kuachia, na vinginevyo. Kila kipande akakiita kwa jina lake mwenyewe lililosomwa kinyumenyume, therblig, mzaha ambao wahandisi wameutumia kwa uso mkavu hata leo. Nasi twapenda kuwaonyesha wasomaji ya kuwa katika orodha hiyo aliandika pia kupumzika na kufikiri. Mtu anayefikiri kabla ya kuanza, na mtu anayeketi kupunguza uchovu, hao nao wamo katika hesabu ya kazi. Mwaka 1916 yeye na mkewe walitoa kitabu kizima juu ya uchovu, wakitaka mfanyakazi apewe kiti cha kufaa, mwanga wa kutosha na saa za kupumzika.

Aliingia hata hospitali. Alitazama madaktari wakipasua wagonjwa, akaona ya kuwa daktari hupoteza wakati mwingi akitafuta vyombo vyake huku mgonjwa amelala wazi mbele yake. Ndipo akashauri awepo mtu wa kumpa kila chombo mkononi mara anapokihitaji, desturi ambayo leo kila anayeingia chumba cha upasuaji huidhania kuwa ni ya tangu zamani. Na baada ya Vita Kuu ya Kwanza yeye na mkewe walifanya kazi ya kutafuta namna ambavyo askari waliopoteza mikono au miguu wangeweza tena kushika kazi na kula jasho lao.

Nyumbani alikuwa na watoto kumi na wawili. Mmoja, binti, alifariki kwa dondakoo mwaka 1912. Kumi na mmoja wakakua. Wawili kati yao walitunga mwaka 1948 kitabu cha kuchekesha juu ya nyumba hiyo, nacho kikasomwa mahali pengi duniani. Humo twajifunza ya kuwa baba alifunga vifungo vya kizibao chake kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa kufanya hivyo kulichukua sekunde tatu, na kutoka juu kwenda chini sekunde saba. Alijaribu kunyoa ndevu kwa nyembe mbili kwa wakati mmoja, akaokoa sekunde 44, kisha akapoteza dakika mbili akifunga jeraha shingoni. Watoto walisikiliza santuri za Kifaransa na Kijerumani wakiwa bafuni, na ukutani walitia alama kila walipopiga mswaki.

Hayo ni ya kucheka. Lakini mna kisa kimoja humo ambacho sisi tulikisoma mara mbili. Baba alikuwa na desturi ya kuzitoa kazi za nyumbani kwa zabuni: mtoto aliyetaja bei ya chini kuliko wote ndiye aliyepewa. Palikuwa na ua mrefu wa kupakwa rangi. Binti mmoja wa miaka minane alitaja senti 47, akapewa. Kazi ilimchukua siku kumi, mikono ikatoka malengelenge, na usiku alilala akilia. Mama alitaka asamehewe. Baba akakataa, akasema mapatano ni mapatano. Binti alipomaliza alilipwa senti zake 47 zile zile, kisha akakuta chini ya mto wake viatu vya magurudumu, zawadi ya baba. Twakiri ya kwamba mzazi huyu alikuwa na moyo mwema. Lakini katika maisha ya watu wazima, wangapi hushinda zabuni kwa bei isiyotosha hata chakula, na chini ya mto wao hapana kitu?

Wakati wa vita alichukuliwa na jeshi la nchi yake akapewa cheo cha meja, akapelekwa Fort Sill katika Oklahoma kufundisha askari kwa sinema. Huko aliugua sana, na moyo wake ukabaki dhaifu. Madaktari walimwonya, naye hakupunguza safari wala kazi. Tarehe 14 Juni 1924, siku chache kabla ya kupanda meli kwenda kwenye mikutano ya Ulaya, alisimama katika stesheni ya gari la moshi huko Montclair, New Jersey, akizungumza na mkewe kwa simu. Maneno yakakatika. Alikuwa amekufa pale pale, mwenye umri wa miaka 55. Sekunde zote zile alizoziokoa katika vifungo na ndevu, na katika matofali ya watu, hazikumwongezea hata siku moja, wala hakupata kutuambia zilikuwa zimewekewa kazi gani.

Mkewe alipanda meli ile mwenyewe, akaenda hata Prague akasimama mahali pa mumewe. Aliporudi alikuta ya kuwa makampuni yaliyomtumainia mumewe hayakutaka kupokea shauri la mhandisi mwanamke. Watoto kumi na mmoja walimtazama, wa mwisho hajatimiza miaka mitatu. Basi akaigeukia sehemu ambayo wanaume wasingemfukuza, yaani jiko. Alichora mpangilio wa jiko ambamo meza, moto na ghala vimekaribiana, hata mpishi aliyekuwa akitembea hatua 281 kwa kutengeneza keki moja akatembea 45. Alichunguza kimo cha meza kwa kuwauliza wanawake wenyewe. Rafu ndani ya mlango wa friji na pipa la taka linalofunguka kwa kukanyagwa huhesabiwa miongoni mwa kazi zake. Mwaka 1935 alifanywa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue, na mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika chuo cha taifa cha wahandisi wa Marekani. Alifariki tarehe 2 Januari 1972, umri wake miaka 93, akiwa amekwisha kuwasomesha watoto wote.