Julia Margaret Cameron: Kosa, Mtindo na Sauti ya Msanii

Mpaka kati ya kosa na mtindo ni suala linalowashughulisha wanaisimu na wahakiki kwa muda mrefu. Maisha ya Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa Uingereza wa karne ya 19, yanadhihirisha kwamba suala hilo halihusu lugha peke yake.

Cameron alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815. Mwaka 1836, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu za kiafya, alifahamiana na mwanasayansi John Herschel, ambaye baadaye alimpasha habari za uvumbuzi wa upigaji picha. Hata hivyo, hakumiliki kamera hadi Desemba 1863, alipopewa zawadi na binti yake na mkwewe. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 48, akiishi Freshwater, katika kisiwa cha Wight.

Banda la kuku aliligeuza studio, na stoo ya makaa ikawa chumba cha giza. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu: kioo kilipakwa kolodioni, kikatiwa katika nitrati ya fedha, kisha kikapigiwa picha na kusafishwa kingali kibichi. Januari 1864 alipata picha ya mtoto Annie, ambayo aliihesabu kuwa ufanisi wake wa kwanza.

Punde si punde lawama zikaanza. Wapiga picha wenzake walidai kwamba picha zake zina ukungu na kwamba hajui kuitumia lenzi. Hapo ndipo alipokuwa na hiari mbili: kusahihisha kazi yake kwa kipimo cha wakosoaji, au kuitetea. Katika maelezo aliyoyaandika mwaka 1874, alikiri kwamba ukungu ule ulianza kwa bahati. Lakini kila alipoirekebisha lenzi na kufikia hatua iliyompendeza macho, alikomea hapo, asiendelee kutafuta ukali wa mistari ambao wengine waliushikilia.

Ushahidi wa kauli hiyo umo katika picha zenyewe. Baadaye alianza kutumia kamera kubwa zaidi, akamsogelea mtu hadi kichwa kikajaza kioo. Katika picha ya Herschel ya mwaka 1867, mwanga unaangukia nywele nyeupe na uso wa mzee, na vingine vyote vinamezwa na giza. Ulaini wa mistari hapo unatenda kazi maalumu: unaondoa mapambo na kubakiza nafsi.

Aidha, isidhaniwe kwamba Cameron alikumbatia kila dosari. Vioo vyake vilipoanza kupasuka rangi ya juu, mwaka 1869 alitafuta ushauri wa kitaalamu ili kuondoa tatizo hilo. Hii ina maana kwamba yeye mwenyewe alitofautisha kosa na uteuzi. Makumbusho ya South Kensington, yaliyonunua picha zake mwaka 1865, yalimpa vyumba viwili vya kazi mwaka 1868.

Mwaka 1875 alihamia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akafariki huko mwaka 1879. Kwa ufupi, sauti ya msanii huyu haikutokana na kukosa makosa. Ilitokana na kulitambua moja kati ya hayo, kulirudia kwa makusudi, na kulifanya kanuni.