Thurgood Marshall: Wakili Aliyefungiwa Chuo cha Nyumbani

Kila mwaka kitabu hiki cha harambee hutenga nafasi ya maisha ya mtu mmoja aliyekwisha kutangulia. Mwaka huu fungu kubwa la basari tunaloomba ni la vijana wetu waliopata nafasi za kusomea sheria katika vyuo vikuu vya umma. Kwa sababu hiyo tumemchagua mtu ambaye hakuzaliwa kwetu, lakini mkono wake umo katika katiba ya kwanza ya nchi hii, na vita vyake vya kwanza vilikuwa juu ya jambo hilo hilo: chuo cha sheria cha serikali, karibu na nyumbani, ambacho mtoto wa mtu wa kawaida anaweza kukimudu.

Thurgood Marshall alizaliwa tarehe 2 Julai 1908 katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani. Jina alilopewa lilikuwa Thoroughgood, lakini akiwa bado mtoto wa shule ya msingi alichoka kuliandika akalikata. Baba yake, William, alikuwa mhudumu wa behewa la chakula kwenye treni, na baadaye akafanya kazi katika klabu ambayo wanachama wake walikuwa wazungu watupu. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mzee William hakusoma sana, ila alipenda kwenda mahakamani kusikiliza kesi za watu, kisha jioni mezani anawabana wanawe kwa maswali. Kila neno ulilotamka ulitakiwa ulithibitishe. Thurgood mwenyewe alikuwa mtundu shuleni, na adhabu yake, kama alivyopenda kusimulia uzeeni, ilikuwa kupelekwa chini ya jengo akasome katiba ya Marekani mpaka aikariri. Alipomaliza shule alikuwa ameijua karibu yote kwa moyo.

Alisoma Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, akahitimu mwaka 1930. Waafrika tunakijua chuo hicho kwa sababu nyingine: Nnamdi Azikiwe alipita pale, na baada yake Kwame Nkrumah. Marshall alikuwa ameshaoa, mfukoni hana kitu, na alitaka kuwa wakili.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Chuo cha sheria cha Maryland kilikuwa pale pale Baltimore, mjini kwao, nacho kiliendeshwa kwa kodi ya wananchi wote, wakiwemo wazazi wake. Miaka ya nyuma kiliwahi kupokea weusi, na wawili kati yao walihitimu mwaka 1889. Kisha mlango ukafungwa, na ulikuwa bado umefungwa alipofika yeye. Hakuwa na budi kwenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington, umbali wa kama kilomita 60. Kupanga chumba huko hakuweza. Kwa hiyo alidamka alfajiri, akapanda treni, akasoma mchana, akarudi Baltimore usiku, siku baada ya siku. Karo ilipopungua, mama yake aliweka rehani pete zake, ya uchumba na ya ndoa.

Wazazi wengi wanaosoma kitabu hiki hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Kwetu ni mbuzi, ni ng'ombe, ni kipande cha shamba. Na kila mwaka kamati ya basari huona mambo yale yale kwenye barua za maombi: karo ya chuo cha umma si kubwa kama ya chuo cha binafsi, lakini kodi ya chumba, nauli na chakula ndivyo vinavyomrudisha mtoto nyumbani muhula wa pili.

Howard ilikuwa na mwalimu mkali, Charles Hamilton Houston, aliyewafundisha wanafunzi kwamba wakili mweusi asiyewatumikia watu wake ni hasara. Marshall alihitimu mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani. Akafungua ofisi Baltimore wakati uchumi wa dunia umeanguka. Wateja walikuwepo tele, ila wa kulipa walikuwa haba.

Miaka miwili baadaye akapata kesi ambayo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko hata zile zilizomletea sifa duniani. Kijana mweusi wa Baltimore, Donald Gaines Murray, aliyekuwa amehitimu vizuri Chuo cha Amherst, aliomba nafasi katika chuo kile kile cha sheria cha Maryland. Akakataliwa kwa rangi yake. Marshall na mwalimu wake Houston wakakishtaki chuo.

Utetezi wa jimbo ulikuwa wa ujanja. Haukusema kwamba mweusi asisome. Ulisema aende kusoma kwingine, na serikali itamsaidia kwa msaada wa masomo. Mwaka 1935 jimbo lilitenga dola 10,000 kwa ajili hiyo, mafungu ya dola 200 kila moja. Piga hesabu mwenyewe: ni watu 50 kwa jimbo zima, na kwa masomo ya kila aina, si sheria peke yake.

Mawakili hao wawili waliijibu hoja hiyo kwa mambo ambayo hata bibi kizee kijijini angeyaelewa. Kwanza gharama. Murray akikaa kwao Baltimore hana nauli wala kodi ya chumba. Akienda Washington atalipa treni kila siku au ahamie huko, na fungu la dola 200 litaishia kwenye karo kabla hajala. Pili, na hili ndilo zito zaidi, Murray alikusudia kufanya kazi ya uwakili Maryland. Chuo cha ugenini hakimfundishi sheria za Maryland kama chuo cha kwao, wala hakimpi nafasi ya kukaa katika mahakama za Maryland akiona mahakimu wanavyoamua na mawakili wanavyosimama. Wakili hujifunza kazi yake pale atakapoifanyia, kati ya watu atakaowatetea.

Juni 1935 jaji aliamuru Murray apokelewe. Jimbo likakata rufaa, na Januari 1936 mahakama ya juu kabisa ya Maryland ikashikilia uamuzi huo, ikizitaja hoja zile zile za nauli, gharama na sheria za jimbo. Murray tayari alikuwa darasani tangu Septemba. Alihitimu mwaka 1938, akabaki Baltimore kufanya uwakili, na baadaye akasaidia katika kesi za kufungua vitivo vingine vya chuo hicho.

Marshall alihamia New York kufanya kazi na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na njia aliyoianza Baltimore akaipeleka majimbo mengine. Texas ilikuwa ngumu zaidi. Heman Sweatt, mbeba barua wa Houston, aliomba kusoma sheria katika chuo cha serikali cha jimbo. Badala ya kumpokea, serikali ya Texas ilianzisha chuo kingine cha sheria cha weusi peke yao. Mwanzoni kilikuwa vyumba vichache vya chini ya jengo, na hata kilipopanuliwa kilikuwa na walimu watano na wanafunzi 23, wakati chuo cha wazungu kilikuwa na walimu 16 na wanafunzi 850. Sweatt alikataa kwenda. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo hivyo viwili havilingani, tena si kwa vitabu na walimu tu. Mwanafunzi aliyetengwa na asilimia 85 ya watu wa jimbo lake, yaani majaji, mashahidi na mawakili wenzake wa kesho, hawezi kusema amefundishwa sheria kikamilifu. Miaka minne baadaye Marshall akashinda kesi ya Brown, iliyokataza ubaguzi katika shule za umma za nchi nzima.

Sasa tumwone Kenya. Mapema mwaka 1960 alikuja Nairobi kwa mwaliko wa Tom Mboya na wenzake, waliomtaka awe mshauri wao katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London. Wakati huo mawakili Waafrika katika nchi yetu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, kwani aliyetaka kusomea sheria ilibidi avuke bahari. Kitivo cha sheria cha kwanza cha Afrika Mashariki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na cha Nairobi kikangoja hadi 1970. Wakoloni hawakumfurahia mgeni huyu. Inasimuliwa kwamba alipofika Kiambu walimzuia kuingia mkutanoni, na aliporuhusiwa kuwasalimu watu kwa neno moja tu, alitamka uhuru, na umati ukalipuka kwa shangwe.

Huko London aliandika rasimu ya sura ya haki. Watu wengi husahau kilichomsumbua zaidi ndani yake. Yeye aliyewatetea weusi wachache wa Marekani alijikuta akiandika vifungu vya kuwalinda wazungu na Wahindi wachache wa Kenya, pamoja na ulazima wa kulipa fidia ya haki kwa ardhi inayochukuliwa na serikali. Si kila mtu aliyapenda, na ubishi kuhusu ardhi bado tunao. Lakini alishikilia kwamba sheria inayomlinda mnyonge lazima imlinde hata yule ambaye jana alikuwa na nguvu. Mwaka 1963 alirudi Kenya, na hakuficha wasiwasi wake juu ya wafanyabiashara wa Kiasia walivyokuwa wakitendewa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1961 akawa jaji wa rufaa, mwaka 1965 akawa wakili wa serikali kuu mbele ya Mahakama ya Juu, na mwaka 1967 akaapishwa kuwa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama hiyo. Alistaafu mwaka 1991 na kufariki tarehe 24 Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 84.

Maktaba ya chuo cha sheria cha Maryland, ambacho wakati wake kilikuwa hakiwapokei weusi, leo ina jina lake. Na kile chuo ambacho Texas ilikiunda ili kumfungia Sweatt nje hakikufa. Kiko Houston hadi leo, ni cha umma, kinapokea watu wa kila rangi, nacho kinaitwa Chuo cha Sheria cha Thurgood Marshall.