Ngongo ya Chintu, mchongaji wa Lualaba ambaye kiti chake kiliuzwa mamilioni

MULONGO – Wavuvi wa Mulongo, katika jimbo la Haut-Lomami, wanajua kwamba maji ya Lualaba yanashuka kuelekea kaskazini, upande wa Kabalo na Kongolo. Huko chini ya mto ndiko alikoishi Ngongo ya Chintu, mmoja wa wachongaji wa Kongo wanaojulikana zaidi duniani. Mwaka 2010, kiti kimoja kinachohesabiwa kuwa kazi ya mkono wake kiliuzwa kwa mnada mjini Paris kwa zaidi ya yuro milioni 5. Mwenyewe alikuwa amekufa zamani, na hakuna aliyeandika mwaka aliozaliwa wala mwaka aliokufa.

Alifanya kazi katika karne ya 19, kwenye mpaka wa nchi ya Waluba na ya Wahemba. Zilikuwa nyakati ngumu. Wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani walikuwa wamefika Lualaba. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwa mfalme wa Waluba, Kasongo Kalombo. Baada ya mfalme huyo kufa, ndugu walipigania kiti na ufalme ukagawanyika. Kwa machifu wa pembeni, kuwa na alama za utawala wa Kiluba kulikuwa jambo kubwa, na kiti kilikuwa moja ya alama hizo.

Kiti hicho huchongwa kwa tezo kutoka gogo moja. Mwanamke anabeba kikalio kwa kichwa na mikono yake, maana kwa Waluba nguvu ya mfalme inapita kwa wanawake. Hakikuwa cha kukaliwa kila siku. Kilifunikwa kwa kitambaa cheupe na kutolewa siku kubwa.

Wachongaji wengi wa Kiluba walitoa sura laini za vijana. Ngongo ya Chintu alichonga uso mrefu, mashavu yaliyoingia ndani kama ya mzee aliyeona mengi, na mikono mikubwa kupita kipimo cha mwili. Alama hizo ndizo zilizomtambulisha.

Wakati wa ukoloni viti vyake vilikwenda Berlin, London na Tervuren, nchini Ubelgiji. Waliovichukua hawakuandika jina la mchongaji. Katika miaka ya 1930, Mbelgiji Frans Olbrechts alilinganisha vitu vya makumbusho mbalimbali, akaona vimetoka mkono mmoja. Kwa kuwa baadhi vilitoka kijiji cha Buli, mchongaji akaitwa Fundi wa Buli. Miaka mingi ikapita kabla jina la Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba, kutolewa na watu wa kwao. Leo kazi zinazohesabiwa kuwa zake ni kama 20 hivi, ingawa mwaka 1980 mtaalamu Susan Vogel alisema kuwa huenda ni mikono ya watu wawili.

Umri wa kiti unajulikanaje? Wataalamu wanahesabu kwa kurudi nyuma. Kiti kilichofika Ulaya karibu na mwaka 1900, kikiwa tayari kimeng'aa kwa mafuta na kushikwa, kilichongwa miaka mingi kabla. Kipimo cha kaboni hakisaidii sana kwa mti wa karne tatu za mwisho, kwa sababu jibu lake linakuwa pana mno. Kwa hiyo wanatazama alama za tezo, kikalio kilivyolika, nyufa, na kama kuna sehemu iliyobadilishwa.

Bei nayo inafuata hali ya kiti, historia ya waliokimiliki, na zaidi ya yote jina la aliyekichonga. Ni vilevile kwa ufito wa zamani wa mwanzi wa kuvulia samaki kule Marekani: kama jina la fundi limepigwa muhuri karibu na mshikio, wanunuzi wanaufuata, bila jina, wengi wanaupita. Lakini Ngongo ya Chintu hakuandika jina lake kwenye mti. Lilikaa vinywani mwa watu.

Hapo ndipo habari hii inatugusa. Sheria ya mwaka 1971 inalinda mali ya kitamaduni ya nchi yetu, na mwaka 1973 Mobutu aliomba mbele ya Umoja wa Mataifa kazi za sanaa zirudishwe. Lakini sheria haikumbuki kwa niaba ya familia. Kiti kikitoka nyumbani bila habari zake, mnunuzi wa mbali ndiye atakayekipa umri na jina analotaka.

Kama nyumbani kwenu kuna kiti, kinara au fimbo ya babu, muulizeni mzee leo: nani alikichonga, katika kijiji gani, na wakati wa chifu gani. Andikeni majibu hayo kwenye daftari pamoja na jina la mzee aliyeyatoa.