Herbert William Garratt: Mhandisi wa Kesho Iliyopita

Abiria atokaye Kericho kwa barabara ya Kisumu huyaacha mashamba ya chai nyuma yake, akateremka hadi Soin, nchi ya joto ambako baridi ya nyanda za juu husahaulika upesi. Kaskazini mwa Soin iko njia nyingine iteremkayo vivyo hivyo. Hiyo ni reli ya Nakuru hadi Kisumu, ipitayo Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru na Muhoroni. Reli hiyo ilifika ziwani mwezi Desemba mwaka 1901. Kileleni, penye Mau Summit, iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko mita 1,150 hivi. Ili kuivusha juu ya mabonde ya Mau, ilibidi yajengwe madaraja 27 ya chuma, na kazi hiyo ikapewa kampuni ya Kimarekani. Makampuni ya chai yalipofungua mashamba makubwa Kericho katika miaka ya 1920, stesheni iliyowafaa ilikuwa Lumbwa, ambayo sasa huitwa Kipkelion.

Njia ya namna hii ina maadui watatu wa garimoshi, nao ni mwinamo, kona kali na reli nyepesi. Mwinamo hudai injini yenye nguvu. Injini yenye nguvu huwa nzito na ndefu. Uzito huivunja reli nyepesi, na urefu hukataa kupinda kwenye kona. Kwa hiyo anayemshinda adui mmoja hujikuta amewaimarisha wale wawili waliobaki. Makala haya yanamhusu mtu aliyewakabili wote watatu kwa wakati mmoja. Jina lake lilitamkwa katika stesheni za Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 50, ingawa waliolitamka wengi hawakujua kwamba lilikuwa jina la mtu.

Herbert William Garratt alizaliwa London tarehe 8 Juni 1864. Mwaka 1879 aliingia uanagenzi katika karakana ya Bow ya shirika la reli la North London. Alikaa humo miaka mitatu, kisha akapata mafunzo zaidi kwa waundaji wa mitambo ya meli mjini Sunderland. Hakuna katika miaka hiyo jambo linalomtofautisha na vijana wengine wa ufundi wa Uingereza ya wakati ule. Mwaka 1889 alikwenda Argentina, akapanda cheo hadi kuwa msimamizi wa injini katika reli ya kati ya nchi hiyo. Baada ya mwaka 1900 alihudumu Cuba, Lagos, Peru na New South Wales nchini Australia, kisha akarejea Uingereza mwaka 1906.

Msomaji aitazame vyema orodha hiyo ya nchi. Ni nchi zilizokuwa mbali na viwanda vilivyounda injini, na sehemu kubwa ya reli zake zilijengwa kwa kubana fedha, zikapindapinda kuukwepa mlima badala ya kuutoboa. Mhandisi aliyebaki London aliweza kuilaumu reli kwa udhaifu wake. Garratt hakuwa na nafasi hiyo, kwa sababu ilimbidi aikubali reli kama alivyoikuta. Kwa maoni yangu, uvumbuzi wake ulizaliwa katika safari hizo, wala si katika chumba cha wachoraji cha kiwanda chochote.

Aliporudi alipewa kazi ya kuzikagua injini zilizokuwa zikiundwa kwa ajili ya New South Wales katika kiwanda cha Beyer, Peacock, mtaani Gorton, Manchester. Inasimuliwa kwamba wazo lake lilitokana na mabehewa ya kubebea mizinga mizito, ambayo yalipinda kwenye kona bila shida kwa kuwa mzigo ulining'inia kati ya magari mawili. Mwaka 1907 aliomba hataza, akapewa mwaka uliofuata.

Ili tuuelewe uvumbuzi huo, tukumbuke kwamba katika injini ya kawaida boila hukaa juu ya magurudumu. Magurudumu hulibana kwa chini, nalo likitaka kukua hulazimika kuwa jembamba na refu. Garratt aliligawa gari. Aliweka seti mbili za magurudumu, kila moja ikiwa na silinda na pistoni zake, moja mbele na nyingine nyuma. Kati yake akalitundika boila juu ya fremu iliyoshikwa kwa egemeo kila upande. Atakayetaka mfano wa karibu na aifikirie machela. Mgonjwa hulala katikati, wachukuzi wawili wako mbele na nyuma, na kila mmoja hukata kona kwa miguu yake mwenyewe. Kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na gurudumu lolote, liliweza kuwa nene na fupi, tanuri likawa na kina, na hewa ikaingia bila kizuizi. Tangi la maji lilikaa juu ya magurudumu ya mbele. Fueli na maji ya akiba vikakaa juu ya yale ya nyuma. Uzito ukatandazwa juu ya urefu mkubwa wa njia, hivyo kila ekseli ilibeba sehemu ndogo tu, na hilo ndilo jambo ambalo reli nyepesi na daraja la chuma huliomba.

Mashine hii haikukosa kasoro. Kadiri maji na fueli vilivyopungua, ndivyo magurudumu yalivyozidi kuwa mepesi na kuanza kuteleza kwenye mwinamo, tena pengine mwishoni mwa safari. Mabomba ya mvuke nayo yalihitaji viungo vinavyopinda, na viungo hivyo vilidai fundi makini.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa watu wa pembeni kabisa mwa dunia ya reli. Mwaka 1909 injini mbili ndogo, zenye reli ya upana wa futi 2 tu, zilikwenda Tasmania. Silinda zake ziliwekwa chini ya kibanda cha dereva, na bila shaka madereva walilaani joto lake. Mwaka 1910 iliundwa injini moja kwa ajili ya reli ya Darjeeling, nchi ya chai ya India, ambayo milima yake na baridi yake mtu wa Kericho angeitambua mara moja. Mwaka 1912 Tasmania ilipata Garratt za abiria zenye silinda nane kila moja, mradi wa ujasiri kupita kiasi. Garratt alifariki Richmond, Surrey, tarehe 25 Septemba 1913, akiwa na umri wa miaka 49. Reli kubwa za dunia zilikuwa bado hazijamwamini.

Ushindi ulikuja baada ya kaburi. Afrika Kusini iliijaribu Garratt kubwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaona inaishinda injini ya mtindo wa Mallet, mshindani wake mkuu. Hataza ilipokwisha mwaka 1928, kiwanda cha Gorton kiliziita injini zake Beyer-Garratt ili zisichanganywe na za wengine. Haki hudai isemwe kwamba jina hilo la pamoja lilistahili. Wachoraji wa Gorton, ambao majina yao hayajulikani kwa wengi, walifanya kazi kubwa ya kuligeuza wazo la mtu mmoja kuwa mashine zaidi ya 1,000.

Katika reli ya Kenya na Uganda, Garratt za kwanza zilifika mwaka 1926. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bandari ya Kilindini ilifurika mizigo. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, halikuwa na nafasi ya kungoja. Kati ya mwaka 1953 na 1954 zililetwa injini 29 za aina ya 60, zilizokusudiwa njia zenye reli nyepesi, nazo zikaitwa kwa majina ya magavana wa kikoloni. Kisha, mwaka 1955 na 1956, zikaja injini 34 za aina ya 59 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Hizo ziliitwa kwa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Baada ya uhuru mabamba ya magavana yaling'olewa. Ya milima yakabaki.

Aina ya 59 yataka kuzungumzwa kwa utulivu. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 ikiwa imejazwa maji na mafuta, na urefu wa takriban mita 32. Boila lake lilikuwa na kipenyo cha futi 7 na inchi 6, ilhali reli iliyolichukua ina upana wa mita moja tu, yaani mwili ulikuwa zaidi ya mara mbili ya upana wa njia uliyosimamia. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyopata kuizidi nguvu. Ilivuta tani 1,200 kutoka pwani hadi Nairobi. Madereva, wengi wao wakiwa wa jamii ya Kalasinga, waliipiga msasa shaba yake hadi ikang'aa.

Miaka hiyo ya 1950 ilikuwa miaka ya kuchora kesho. Majarida ya Ulaya na Marekani yalijaa picha za treni za nguvu za atomiki na magari yarukayo, michoro ambayo leo hukusanywa kwa mapenzi kama kumbukumbu ya kesho iliyodhaniwa na watu wa jana. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mchoro wake. Uliitwa aina ya 61, Garratt ya takriban tani 370, ambayo ingeifanya hata ile ya 59 ionekane mdogo wake. Haikuundwa. Mwaka 1960 dizeli za English Electric zilianza kazi katika njia kuu, na mashine isiyohitaji kunywa maji katika nyika kavu ya Taru na Tsavo ilikuwa na hoja isiyojibika.

Wapo wanaodai kwamba ununuzi wa aina ya 59 ulikuwa ukale, kwa sababu dizeli ilikwisha kupiga hodi. Sikubaliani nao. Karakana za Nairobi zilijua mvuke, wafanyakazi walijua mvuke, mafuta mazito yaliyochomwa yalikuwa rahisi, na mizigo ilikuwa ikirundikana Kilindini siku hiyo hiyo. Shirika lilinunua kilichofaa njia na mafundi liliokuwa nao. Garratt mwenyewe alifanya vivyo hivyo alipoacha kuilaumu reli.

Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka 1966. Kufikia mwaka 1980 aina ya 59 zilikuwa zimeondolewa kazini. Mbili, Mount Gelai na Mount Shengena, ziliwekwa katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, na Mount Gelai ilipata kuwashwa tena kwa safari za pekee. Mojawapo ya zile injini mbili za Tasmania ilirudishwa Uingereza mwaka 1947, ikatengenezwa, na imevuta watalii katika milima ya Wales. Kwenye madaraja ya Mau, juu ya Fort Ternan, kazi ya kuvuta mabehewa kuelekea Kisumu ilibaki kwa dizeli.